Uzoefu wangu: kumwagilia bustani kwa dripu na maji ya kisima cha nyumbani

Majirani wanaokuja kuangalia bustani yangu huuliza kwanza nilinunua pampu gani. Nami huwauliza: kisima chako kinajaa kwa kasi gani? Wengi hawajui. Hata fundi aliyekuja kufunga vifaa vyangu alianza kwa kuhesabu matuta, kisha akataja ukubwa wa pampu, wala hakusogea kisimani. Mimi nimekaa na mfumo huu wa dripu, yaani mipira yenye vitundu inayodondosha maji kidogo kidogo kwenye matuta, kiangazi na masika, na ninachoweza kumwambia yeyote anayetaka kufunga wake ni kwamba kisima ndicho kinachoamua mambo yote: pampu, tangi, ukubwa wa bustani, hata saa ya kumwagilia. Kwa hiyo naanza na kisima, vifaa vitafuata.

Kisima changu kimechimbwa kwa mkono na kujengewa pete za zege. Upana wake wa ndani ni mita 1.2, kina ni mita 13, na maji yakitulia yanakuwa mita 9 kutoka juu. Kwa upana huo, kila mita moja ya maji ni takriban lita 1,130, yaani ndani mna lita kama 4,500. Kiasi hicho ni akiba tu. Ukikimaliza, unategemea maji yanayoingia, na hayo ndiyo ya kupimwa. Nilivuta maji mpaka yakashuka mita moja na nusu, nikazima pampu, nikateremsha kamba yenye uzito na alama, nikaangalia yamepanda kiasi gani baada ya saa moja. Wakati wa mvua yalipanda sentimita 35, sawa na lita 400 hivi kwa saa. Mwishoni mwa kiangazi yalipanda sentimita 20, yaani lita 225 hivi.

Nilifanya hesabu zangu zote kwa namba ya kiangazi, kwa sababu bustani hudai maji mengi wakati uleule ambao kisima kina machache. Jambo jingine la kujua ni kwamba maji huingia kwa kasi usawa ukiwa chini na hupunguza mwendo kadiri yanavyokaribia kutulia. Ndiyo maana kuvuta kidogo asubuhi na kidogo jioni kunakupa maji mengi kwa siku kuliko kukikausha kisima kwa mkupuo kisha kukisubiri. Mwenye kisima kirefu chembamba kilichochimbwa kwa mashine amdai mchimbaji karatasi ya majaribio ya pampu: usawa wa maji yakiwa yametulia, usawa wake pampu ikiwa inavuta, na lita zilizotoka kwa saa. Karatasi hiyo ina thamani kuliko ushauri wowote wa dukani.

Upande wa bustani hesabu ni nyepesi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Eneo langu lililopandwa ni mita za mraba 150, na kwa jua kali nalipangia milimita 5 kwa siku, ambazo ni lita 750. Kisima kinazimudu, na nyumba inabaki na maji yake.

Pampu ya kukaa juu ya ardhi sikuifikiria kabisa. Pampu ya namna hiyo huvuta kwa msaada wa uzito wa hewa, na hewa ya usawa wa bahari haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 10.3 hata mota iwe na nguvu namna gani. Ukitoa hasara za kwenye bomba, mwisho wake halisi ni mita 7 au 8. Maji yangu yako mita 9. Wapo wanaolitatua jambo hili kwa kushusha pampu ya petroli ndani ya kisima ili iyakaribie maji. Nawasihi msifanye hivyo. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na ndani ya shimo haina pa kutokea. Inamuua aliyeshuka, kisha inamuua anayemfuata kumwokoa. Hata pasipo injini, hewa ya kisimani inaweza kukosa oksijeni ya kutosha, na mtu asishuke peke yake kwa ajili ya bomba lililolegea.

Kwa hiyo nilinunua pampu ya kuzamisha, na hapa nina neno kuhusu maandishi ya kwenye maboksi. Utaona namba mbili kubwa, tuseme mita 40 na lita 40 kwa dakika, ukadhani utapata vyote viwili. Hupati. Mita 40 ni kimo ambacho pampu inafikia ikiwa haitoi hata tone, na lita 40 ni pale inapotoa maji bila kuyapandisha. Habari ya kweli imo kwenye kijitabu, kwenye mchoro wa mstari unaoshuka. Nilijumlisha hivi: usawa wa maji pampu ikiwa inavuta nikauweka mita 11 ili niwe salama, mdomo wa tangi uko mita 4 juu ya ardhi, msuguano wa bomba nikaukadiria mita 3. Jumla mita 18. Kwenye mita 18 mstari wa pampu yangu ulionyesha lita 20 hivi kwa dakika, na nilipoweka ndoo ya lita 20 chini ya mdomo wa bomba kule juu ya tangi ilijaa kwa dakika moja na sekunde chache. Kijitabu kilisema kweli, na kwa hilo naisifu pampu hii bila kusita.

Fundi alitaka niongeze ukubwa mara tatu. "Hii itakujazia tangi kwa nusu saa, mzee," akaniambia. Nilimjibu kwamba nusu saa hiyo ingeshusha maji ya kisima karibu mita moja na nusu, ikachochea mchanga wa chini na kuupeleka kwenye pampu yenyewe na kwenye dripu. Pampu ndogo inavuta polepole, kisima kinaendelea kujaza kwa pembeni, na maji yanatoka safi. Nisingeibadilisha kwa kubwa hata ningepewa bure.

Mambo ya kufunga pampu nitayapitia kwa haraka. Ining'inizwe kwa kamba imara ya nailoni, isiachiwe iningʼinie kwenye waya wa umeme. Ikae karibu mita moja juu ya sakafu ya kisima ili isinyonye tope. Iwe na kizuizi cha kuizima maji yakishuka kupita kiasi, kwa sababu pampu ya kuzamisha hupozwa na maji yanayoizunguka, na ikizunguka pakavu huungua. Kwenye umeme iwepo swichi inayokata mkondo unapovuja, ya miliampia 30. Kisima ni mahali ambapo maji, umeme na mikono ya watu hukutana, na sioni sababu ya kubana matumizi hapo.

Nikaja kwenye uamuzi niliouwaza kwa muda mrefu kuliko wote: je, pampu isukume maji moja kwa moja mpaka kwenye mistari, au ijaze tangi la juu na maji yashuke yenyewe? Njia ya kwanza hutumia tangi dogo la presha na swichi inayoiwasha pampu presha ikishuka na kuizima ikipanda. Ni nzuri kwa matumizi ya nyumbani. Lakini dripu hunywa maji kidogo kidogo kwa muda mrefu, na eneo la kumwagilia likiwa dogo kuliko uwezo wa pampu, pampu huwaka na kuzima, huwaka na kuzima, mpaka mota inachoka kabla ya wakati. Kuna hatari nyingine iliyonitisha zaidi. Bomba likipasuka usiku au valvu ikigoma kufunga, pampu iliyounganishwa moja kwa moja itaendelea kuvuta mpaka kisima kikauke. Kwa tangi, kinachoweza kupotea ni maji yaliyomo tangini tu, basi.

Nikachagua tangi la lita 2,000 juu ya mnara wa chuma wa mita 2.5. Ni jeusi, na weusi huo una kazi: mwanga ukiingia kwenye maji huota mwani, na mwani huziba dripu. Ndani kuna swichi ya boya inayozima pampu tangi likijaa. Bomba la kutoka kisimani linamwaga maji kutoka juu, mdomo wake ukiwa wazi hewani bila kugusa maji ya tangi. Usiliruhusu bomba hilo lizame. Maji ya kisima hiki ndiyo tunayokunywa, na nafasi hiyo ya hewa ndiyo inayohakikisha kwamba chochote kilichoingia kwenye mfumo wa bustani hakiwezi kunyonywa kurudi kisimani. Mbolea ya maji naichanganya baada ya tangi tu, kwenye bomba linaloelekea bustanini, na hapo pia kuna valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma.

Sasa maji yenyewe. Nilijaza glasi safi, nikaiacha mpaka kesho yake. Maji yaliyotoka kisimani yakiwa angavu yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu, na chini pametulia unga mwekundu. Hiyo ni dalili ya madini ya chuma. Ndani ya ardhi chuma huwa kimeyeyuka na hakionekani, kikikutana na hewa ndipo kinapogeuka kuwa chembe. Nikapeleka sampuli maabara: chuma miligramu 0.8 kwa lita. Kiasi cha 0.3 tu kinatosha kutia madoa kwenye nguo na masinki, na kwa dripu miligramu 0.8 ni tatizo la kweli, maana chembe hujijenga ndani ya vitundu, na wapo bakteria wanaoishi kwa chuma hicho wakitengeneza utelezi wa rangi ya machungwa. Chumvi, kwa bahati njema, ilikuwa chini: kipimo cha umeme kupita kwenye maji kilisoma desisimensi 0.6 kwa mita. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1985 kuhusu ubora wa maji ya umwagiliaji unasema chini ya 0.7 hakuna kizuizi, na juu ya 3 kuna kizuizi kikali. Anayeishi karibu na bahari au kwenye ardhi ya magadi apime hili kabla ya kununua hata elbo moja, kwa sababu hakuna filta ya kawaida inayoondoa chumvi.

Kwa chuma, tangi liligeuka kuwa dawa. Bomba linaloingia nimelimalizia kwa kipande kilichotobolewa matundu mengi, maji yanaanguka kama manyunyu na kuchanganyika na hewa. Chuma kinageuka chembe humo humo tangini na kuzama. Bomba la kutolea maji limefungwa sentimita 15 juu ya sakafu ya tangi, na chini kabisa kuna koki ya kumwagia tope. Nikiifungua, yanatoka maji mekundu mazito kwa muda, kisha yanang'aa. Tope lote hilo lingeishia kwenye mistari ya dripu.

Baada ya tangi inafuata filta. Nilichagua ya visahani, ya maikroni 130 (milimita 0.13), wengine huiita meshi 120. Ndani yake kuna visahani vya plastiki vyenye mifereji, vimebanwa pamoja, na kuisafisha ni kulegeza visahani na kuviosha kwa maji. Ushauri wangu ni mmoja: kwa mfumo unaoshuka kwa uzito wa maji, nunua filta kubwa kuliko unavyodhani unahitaji. Filta ndogo hula presha, na sisi wa tangi la juu presha hatuna ya kugawa. Yangu ni ya inchi moja na nusu wakati mtiririko wangu ungetosheka na ya robo tatu. Ikianza kuchafuka, bustani haihisi haraka.

Habari ya presha inahitaji kuelezwa, kwa sababu hapa ndipo vifurushi vya dripu vinapowaangusha watu. Maji yenye kimo cha mita 10 hutoa presha ya baa 1. Tangi langu, kutegemea limejaa kiasi gani, lina maji kati ya mita 2.5 na 4 juu ya matuta, yaani baa 0.25 hadi 0.4. Mpira wa dripu nilioununua umeandikwa lita 2 kwa saa kwa kila kitundu, lakini namba hiyo ni kwa baa 1. Mtiririko wa vitundu vya kawaida hufuata kipeuo cha pili cha presha, hivyo kwa baa 0.3 nilitarajia lita 1.1. Nikaweka kikombe chini ya kitundu kwa dakika 10, nikapata mililita 180 hivi, ambazo ni lita 1.1 kwa saa. Mpira unafanya kazi yake vizuri kabisa, mradi mtu apange muda kwa namba halisi. Anayeamini maandishi ya kwenye kifurushi ataipa bustani karibu nusu tu ya maji aliyokusudia, kisha aseme dripu haifai.

Vile vile niliiacha mipira ya bei ya juu inayosawazisha presha. Ni mizuri kwa shamba la mteremko lenye pampu, lakini mingi inahitaji angalau nusu baa ili ifanye kazi inavyotakiwa, na mimi sina. Ninachosisitiza ni kitundu chenye njia ya maji iliyojipindapinda ndani. Hilo ndilo wazo la mhandisi Simcha Blass, ambaye kazi yake ilizaa kampuni ya Netafim huko Israeli mwaka 1965: badala ya kubana maji kwa tundu dogo mno linaloziba upesi, yapitishwe kwenye njia ndefu inayoyapunguza kasi. Mpira uliotobolewa tu kwa sindano hauna hiyo, na kwa maji yenye chuma utaziba mapema.

Nina mistari 16 ya mita 10 kila mmoja, vitundu kila baada ya sentimita 30. Nimeigawa sehemu mbili za mistari minane. Kila sehemu hutoa karibu lita 290 kwa saa, kwa hiyo saa moja na dakika 20 kwa kila sehemu inanipa lita 750 zangu. Mistari ni mifupi kwa makusudi, nayo imelazwa kukata mteremko, si kushuka nao. Tofauti ya mita moja ya kimo ni baa 0.1, na kwangu hiyo ni theluthi ya presha yote. Nilipima kitundu cha kwanza na cha mwisho kwa kikombe kilekile na tofauti ilikuwa ndogo kiasi cha kutojali. Bomba kuu kutoka kwenye tangi ni jeusi la plastiki, milimita 32. Usilipunguze kuokoa pesa: kwa mtiririko uleule, bomba la nusu ya kipenyo hula presha karibu mara 30.

Viungo vya mpira vilivyokuja na kifurushi ndivyo sehemu dhaifu. Baadhi vilivuja tangu mwanzo na muuzaji alivibadilisha bila ubishi. Koki ndogo mwanzoni mwa kila mstari ni jambo zuri sana, kwani nafunga tuta lililopumzishwa na mengine yanaendelea. Ncha za mistari hazikugundishwa, zimekunjwa na kubanwa kwa pete, nazifungua mara kwa mara maji yakimbie na uchafu. Juu ya mipira nimefunika matandazo ya majani makavu, jua lisikaushe udongo.

Kilichobaki ni taima, kifaa cha kufungua na kufunga maji kwa saa uliyoipanga, na hapa nawaomba msome kwa makini. Taima nyingi za bustani hutumia valvu ya utando. Valvu hiyo huendeshwa na presha ya maji yenyewe, na bila presha ya kutosha, ambayo kwa nyingi ni karibu nusu baa au zaidi, haifungi sawasawa. Kifurushi nilichoonyeshwa kilikuja na ya namna hiyo, na muuzaji alisisitiza kwamba taima zote ni sawa. Nikamwomba tuijaribu pale pale kwa ndoo iliyoinuliwa. Iliamuriwa kufunga na maji yakaendelea kutiririka. Nikachukua ile yenye mota ndogo inayozungusha koki yenye tufe lililotobolewa ndani yake. Hiyo hufunga hata presha ikiwa sifuri, na unaisikia ikinguruma kidogo inapozunguka. Udhaifu wake ni betri: zikiisha koki ikiwa wazi, inabaki wazi. Nazibadilisha kabla hazijachoka, na tangi linanilinda kwa yaliyosalia.

Nimeipanga ifungue alfajiri, kabla jua halijapanda. Pampu hujaza tangi baadaye asubuhi na tena jioni, kwa muda mfupi kila mara. Mwisho wa kiangazi napima kisima kwa kamba ileile, na usawa unarudi mita 9 kabla ya alfajiri inayofuata. Kipimo hicho ndicho ninachokiangalia kuliko ukijani wa majani, na siku kitakapoacha kurudi nitapunguza matuta kabla sijagusa pampu.

Kwa nani mfumo huu haufai? Kwa anayetaka vinyunyizio vya kuzunguka juu ya nyasi. Vinyunyizio hivyo vinataka baa 2 au 3, na kuzipata kwa tangi la juu ungehitaji mnara wa mita 20 au zaidi. Mtu huyo asiongeze ukubwa wa pampu ya kisimani. Aweke tangi lake chini ardhini, aweke pampu ya pili baada yake ya kuendesha vinyunyizio, na ile ya kisimani iendelee kujaza taratibu kwa kasi ambayo kisima kinaikubali.